Gari la kifahari likigoma, anza na betri kabla ya kompyuta

Ijumaa moja wakati wa masika, jirani yangu hapa Kibokoni alitoka msikitini akakuta dashibodi ya gari lake kubwa imewaka taa chungu nzima. Springi za hewa zimeshuka, gia haziingii, kioo cha mlango hakipandi. Fundi wa kwanza alichomeka mashine, akasoma makosa kumi na saba, akasema kompyuta ya gia imekufa. Bei aliyotaja ilimnyamazisha mzee wa watu barazani mpaka magharibi.

Fundi wa pili alianza na mita ndogo ya mkononi. Betri ilisoma volti 11.7. Akafuata waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi, akakuta kutu ya kijani. Alisugua kutu, akaweka betri mpya, akafuta makosa. Hayakurudi.

Kwa nini taa zote huwaka pamoja

Magari kama Range Rover, BMW X5 au Land Cruiser ya kisasa yana kompyuta nyingi ndogo: ya injini, gia, breki, milango, hata viti. Huzungumza kupitia jozi ya waya kwa mfumo uitwao CAN, ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986. Umeme ukipungua, kila kompyuta hulalamika kuwa haiwasikii wenzake. Taa ishirini zinaweza kuwa na sababu moja tu.

Kisiwa chetu kina mitihani yake. Hewa ya bahari ina chumvi inayokula viungo vya waya. Joto hufupisha maisha ya betri. Safari zetu ni fupi: Kibokoni hadi Marikiti, Marikiti hadi Kizingo, kiyoyozi kikiwa juu na foleni mbele. Betri haipati nafasi ya kujaa. Tena magari mengi ni yaliyotumika ng'ambo. Sheria ya Kenya inaruhusu yasiyozidi miaka minane, kwa hivyo mengine hushuka Kilindini na betri iliyochoka.

Hatua ya kwanza: betri

Pima asubuhi, kabla ya kufungua mlango au kuwasha chochote. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6 au zaidi. Ikiwa 12.2 imebakiwa na kama nusu. Ikishuka chini ya 12 usiamini kosa lolote ambalo mashine itakusomea. Mtu akipiga starta, isianguke chini ya kama 9.6. Injini ikiunguruma, magari mengi huonyesha kati ya 13.5 na 14.7, ingawa ya kisasa hupandisha na kushusha chaji yenyewe.

Ukibadilisha, weka aina ileile. Gari linalojizima kwenye foleni kwa kawaida huhitaji betri maalumu, AGM au EFB. Ya kawaida haitadumu. Baadhi, kama BMW nyingi, lazima zijulishwe kwa mashine kuwa betri ni mpya.

Hatua ya pili: waya wa athi

Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige starta. Ikisoma zaidi ya nusu volti, njia ya athi ina kasoro. Fungua, sugua mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi juu.

Hatua ya tatu: maji

Inua mazulia, gusa sakafu, angalia chini ya viti na kwenye buti, kwa sababu baadhi ya kompyuta huwekwa huko. Dirisha la paa lina mifereji midogo ya kutolea maji. Majani ya mkungu na mwarobaini huiziba, na mvua ikija maji hushukia ndani. Kukausha kompyuta bila kuzibua mfereji ni kungoja mvua nyingine.

Hatua ya nne: umeme unaovuja usiku

Gari likizimwa, kompyuta zake hulala baada ya muda, mengine hadi dakika arobaini au zaidi. Likilala linapaswa kunywa takriban miliampea 50 au chini. Likinywa ampea moja, kwa siku betri hupoteza saa-ampea 24. Siku mbili tatu haliwaki tena.

Funga komeo la boneti kwa bisibisi ili gari lidhani imefungwa, peleka ufunguo mbali, kisha subiri. Usichomoe fyuzi ovyo, maana utaziamsha kompyuta. Pima milivolti juu ya kila fyuzi ikiwa mahali pake. Yenye kusoma kitu ndiyo njia ya mwizi. Rilei ya kompresa ya springi za hewa iliyonata ni mmoja wa wezi wanaojulikana.

Hatua ya tano: sasa mashine

Andika makosa yote kabla ya kuyafuta. Herufi P ni injini na gia, B ni bodi, C ni breki, usukani na springi, U ni mawasiliano. P0562 ni volti za chini. U0100 husema kompyuta ya injini haisikiki, wala haisemi imekufa. Huenda imekosa umeme, athi, au panya wamekata waya. Pima hayo matatu kwenye soketi yake kabla ya kununua nyingine.

Usiguse

Waya za rangi ya chungwa kwenye magari ya haibridi zina umeme wa kuua, na soketi za manjano kwa kawaida ni za mifuko ya hewa. Waachie waliofunzwa. Usichomoe betri injini ikiunguruma. Unaweza kuchoma kompyuta ambazo zilikuwa nzima.

Kwa hivyo, msomaji, ukiambiwa kompyuta imekufa, muulize fundi kwa adabu: betri ilisoma ngapi, na athi umeipima wapi? Mwenye kujua kazi yake atakupa namba papo hapo. Asiyekuwa nayo hajapima, na pesa utakayolipa ni ya kubahatisha.