Chumba cha injini kilichonyolewa: namna ya kulitunza gari lako penye chumvi na joto la Pwani

Wazee wetu walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kati ya Mtwapa na Malindi siku hizi yapo magari ambayo ukifungua boneti huoni waya, huoni kopo la maji, huoni hata tundu la skrubu. Unaona injini peke yake katikati ya rangi inayong'aa kama sahani ya kaure. Katika makala hii kazi hiyo nitaiita kunyoa chumba cha injini. Mimi mwenyewe ninalo gari la namna hiyo, Corolla ya zamani, na stashahada yangu ni ya ufundi wa magari, kwa hivyo simlaumu anayependa. Ninachotaka kueleza ni kazi inayobaki baada ya rangi kukauka, kwani chumvi ya bahari haijali gari lako limepigwa picha ngapi.

Kazi yenyewe

Mtindo huu ulitoka Marekani. Wajenzi wa magari ya maonyesho walikuwa wakilainisha ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini tangu zamani, kisha vijana wenye Honda Civic wakaenda mbele zaidi wakaficha na waya. Fundi hutoa injini, huchomelea matundu yasiyotumika na kulainisha maungio kwa bodi fila. Waya hupitishwa ndani ya madigadi, sanduku la fyuzi huhamia chini ya dashibodi, betri huenda buti, na paipu za breki hupitishwa njia nyingine.

Kumbuka kwamba kila kilichohamishwa kilikuwa mahali pake kwa sababu. Kiwanda kilikiweka mbali na maji, mbali na moto wa ekzosti, na karibu na mkono wa fundi. Ukikiondoa hapo, ulinzi ule unakuwa kazi yako.

Kutu huanzia chini ya rangi

Upepo wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, huvuma kutoka baharini na kuleta rasharasha ya chumvi. Anayekaa karibu na ufuo, Watamu au Mayungu, analijua hili kwa mabati ya nyumba yake. Anayepita mara kwa mara upande wa Gongoni na Ngomeni, kwenye mashamba ya chumvi, analijua zaidi.

Chuma kilichochomelewa kimepoteza kinga yake ya kiwandani. Bodi fila nayo hunyonya unyevu. Ikipakwa juu ya chuma kitupu bila kutanguliza epoksi, kutu hutambaa chini kwa chini na wewe unaona rangi nzuri tu. Dalili ya kwanza ni malengelenge madogo kama vipele vya joto. Usiyapake rangi juu. Kwangua mpaka chuma cheupe, paka dawa ya kutu, kisha epoksi, ndipo ufikirie fila na rangi. Upande wa pili wa chuma, usioonekana, upulizwe nta ya kuzuia kutu.

Angalia pia matundu ya kutolea maji chini ya kioo cha mbele na kwenye pembe za chumba. Mafundi wengine huyaziba pamoja na matundu mengine ili pawe laini. Masika ikija, maji hujaa humo na kuozesha chuma kutoka ndani.

Kuosha, tumia maji matamu. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, nawe utakuwa unaipaka upya. Injini iwe imepoa, usiielekeze mashine ya presha kwenye maungio ya waya wala alteneta, na ukimaliza kausha kwa kitambaa.

Waya zilizofichwa

Gari la kawaida likizima taa usiku kati ya Gede na Kilifi, fundi yeyote ataanza na sanduku la fyuzi. Gari lililonyolewa hata hajui aanzie wapi, nawe umesimama kando ya barabara na watoto kwenye kiti cha nyuma. Kwa hivyo kabla madigadi hayajafungwa, piga picha kila njia ya waya, weka alama kila ncha, na uchore ramani. Nakala moja iwe ndani ya gari. Fundi akikwambia yote yako kichwani mwake, mwambie akuandikie, maana huenda siku hiyo simu yake haipatikani.

Kila waya inapopita kwenye tundu la chuma lazima pawe na mpira. Bila huo mpira, mtikisiko wa barabara hulikata ganda la waya taratibu mpaka shaba iguse bodi, na hapo ndipo moto huanzia. Ndani ya madigadi waya ziwe juu, mbali na tairi, na zivalishwe bomba la plastiki. Panya nao hupenda maficho hayo, kwa hivyo gari lililolala wiki mbili likaguliwe kabla ya kuwashwa.

Sehemu inayosumbua zaidi Pwani ni pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi. Ukifungwa juu ya rangi, umeme haupiti vizuri. Ukifungwa kwenye chuma kitupu bila kinga, chumvi hukila. Kwangua rangi mahali pa boliti, kaza, kisha funika kwa grisi au vaselini. Kupima ni rahisi: weka mita ya umeme kati ya injini na ncha ya hasi ya betri huku mwenzako akipiga stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, kuna maungio mabovu.

Betri ndani ya buti

Betri yenye afya, gari likiwa limepumzika, husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5. Betri iliyohamia buti inahitaji waya mnene, milimita za mraba 35 au zaidi, kwa sababu umeme unasafiri mbali kufika kwenye stata. Iwe na fyuzi kubwa shubiri moja au mbili tu kutoka kwenye betri yenyewe. Bila fyuzi hiyo, gari likigongwa nyuma, waya huo hugusa bodi na hakuna cha kuuzima.

Betri ya maji hutoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa, na gesi hiyo hushika moto. Kwenye gari ambalo buti na viti ni chumba kimoja, iwekwe ndani ya sanduku lenye bomba la kutoa hewa nje, na ifungwe kwa chuma, si kwa kamba.

Joto

Wengi huondoa kava la feni na kopo la maji ya rejeta kwa sababu vinaharibu sura. Bila kava, feni huvuta hewa kando badala ya kuipitisha kwenye rejeta, na kosa hilo hujitokeza kwenye foleni ya Mtwapa saa nane mchana. Bila kopo, maji yakipanuka humwagika na hayarudi. Virudishe vyote viwili. Kopo laweza kufichwa, lakini liwepo.

Maji ya kisima yasiingie kwenye rejeta kamwe. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini. Huku hatuna barafu, lakini kulanti pia hupandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu ndani ya injini. Na ile tabia ya kung'oa themostati eti Pwani ni joto, tuiache. Kwenye injini nyingi za Kijapani, kuiondoa huacha njia ya mkato wazi, maji yakarudi kwenye injini bila kupita rejeta.

Breki si pambo

Hapa sina mzaha. ABS isiondolewe ili kupunguza paipu. Paipu mpya ziwe za chuma kilichopakwa au za aloi ya shaba na nikeli, ambayo haishiki kutu upesi. Zisiwe za shaba tupu, wala zisipite karibu na ekzosti. Zikifichwa, ziwe mahali ambapo unaweza kuziona ukilala chini na tochi.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 230 au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. Yabadilishe kila miaka miwili. Yakidondoka kwenye rangi, mwaga maji hapo hapo, kwani huibambua.

Nambari ya chesisi na karatasi

Kwenye magari mengi ya Kijapani nambari ya chesisi imepigwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, mahali pale pale fundi anapotaka kulainisha. Isiguswe, isijazwe fila. Gari lisilo na nambari inayosomeka ni gari la wizi machoni pa polisi, hata kama ulirithi kwa babako. Ukibadilisha injini au rangi, logbuku irekebishwe kupitia NTSA. Bima nayo iambiwe kwa maandishi, maana siku ya ajali kampuni itatafuta ulichokificha.

Ratiba fupi

Kila wiki: pima oili, kulanti na mafuta ya breki, pangusa chumvi kwa maji matamu.

Kila mwezi: pima betri, kagua maungio ya hasi, tafuta malengelenge ya rangi, nusa kama kuna harufu ya petroli.

Kabla na baada ya masika: fungua madigadi, angalia waya, mipira na matundu ya maji; pulizia nta upya.

Kila miaka miwili: badilisha mafuta ya breki na kulanti, na kagua mipira ya petroli.

Chupa ya kuzimia moto iwe karibu na kiti cha dereva. Kama bado hujanyoa gari lako na unatafuta fundi, muulize kwanza atakuonyesha wapi ramani ya waya za gari alilolimaliza. Akikosa ya kukuonyesha, mshukuru kwa chai na uendelee kutafuta.