Mnara Umeimbwa, Lango Limenyamaziwa

Kaskazini mwa jimbo la Michigan, Marekani, kiangazi kikiingia barabara hujaa magari-nyumba, yale yenye kitanda, jiko na choo humo humo. Miongoni mwa wanaoyaendesha wamo wastaafu, mume na mke, na shabaha ya baadhi yao ni minara ya taa za meli. Watafika Whitefish Point, kwenye mnara unaolitazama Ziwa Superior, kisha watateremka hadi Sault Ste. Marie kuyaona malango ya maji yanayoshusha meli kutoka ziwa hilo kwenda maziwa ya chini. Kwa gari, kutoka kwenye mnara hadi malangoni hakufiki saa mbili. Katika fasihi ni mbingu na ardhi. Mnara umeandikwa na kuimbwa hadi kuchosha; lango ni nadra kumpata mtunzi aliyelishughulikia.

Mwaka 1849, mwaka ule ule taa ya kwanza ilipowashwa Whitefish Point, Edgar Allan Poe alifariki akiacha hadithi isiyomalizika: shajara ya mtu aliyejifungia mnarani na mbwa wake. Inaishia tarehe 4 Januari. Tarehe imeandikwa, chini yake hapana kitu. Virginia Woolf naye, katika riwaya yake ya mwaka 1927, aliuweka mnara mbali na watoto wanaotamani kuufikia, na safari ikachukua miaka kumi na vita kuu moja. Kwa wote wawili mnara ni upweke uliosimamishwa wima. Kama unaokoa meli au la, hilo haliwashughulishi sana.

Mwimbaji Gordon Lightfoot wa Kanada aligeukia meli yenyewe. Edmund Fitzgerald ilizama tarehe 10 Novemba 1975 pamoja na watu wake wote 29, ikiwa imebakiza mwendo mfupi kuingia ghuba ya Whitefish. Jioni hiyo dhoruba ilikuwa imekata umeme, na taa ya mnara pamoja na mtambo wake wa redio vilikuwa vimezimika. Wimbo wa Lightfoot wa mwaka uliofuata hauna kiitikio. Msikilizaji aliyezoea tenzi zetu ataujua mwendo huo mara moja: ubeti juu ya ubeti, kisa kikisukumwa mbele mpaka hesabu ya waliokufa itimie. Kengele ya meli iliopolewa mwaka 1995, na leo imo katika jumba la makumbusho pale pale mnarani. Wasafiri wa magari-nyumba husimama mbele yake kwa adabu ya mtu aliyefika msibani.

Lango haliombolezwi, kwa sababu hapo hapafi meli. Nenda jukwaa la watazamaji la Sault Ste. Marie, usubiri. Itakuja meli kama Paul R. Tregurtha, urefu mita 309, upana mita 32, iingie katika chumba cha maji chenye upana wa mita 33.5. Kila ubavu unabakiwa na nafasi isiyofika mita moja, na anayeiongoza yuko juu huko, hawezi kuona kingo zote mbili kwa jicho moja. Mlango wa nyuma hufungwa. Hapana pampu yoyote: vali za chini zinafunguliwa na maji yanaondoka kwa uzito wake, na chuma kile chote kinashuka mita 6 na kitu, taratibu, mpaka mabaharia waliokuwa juu ya vichwa vya watazamaji wanakuwa wa kusalimiwa kwa mkono. Kisha mlango wa mbele unafunguka. Tangu 1855 ndiyo kazi ya hapo.

Chumba hicho kikubwa kinaitwa Poe, lakini si kwa ajili ya mwandishi. Ni Orlando Poe, mhandisi wa jeshi aliyesimamia minara mingi ya maziwa hayo na pia malango yenyewe. Alifariki mwaka 1895 kutokana na jeraha alilolipata akiwa kazini hapo. Mtu mmoja alizishika kazi zote mbili. Washairi wakachagua moja.

Sasa tuvuke hadi Bahari ya Hindi, kwa mtunzi aliyeiimba kazi yenyewe. Nahodha Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba ya Uajemi, aliandika katika karne ya 15 tungo ndefu za urambazaji, na mmoja kati ya hizo unaifuata pwani yetu hadi Sofala. Unataja nyota na kimo chake juu ya upeo, kikipimwa kwa vidole, ili nahodha ajue amefika wapi. Chombo kimoja cha kupimia kilikuwa kibao chenye uzi wa mafundo: baharia hung'ata fundo, akakinyoosha kibao mbele ya jicho, ukingo wa chini ukae juu ya upeo na wa juu uiguse nyota. Vina na mizani vilikuwa msaada wa kukariri, maana usiku baharini karatasi hulowa. Si kwamba mzee huyo hakujisifu. Alijisifu sana, akijihesabu wa nne baada ya mabingwa watatu waliomtangulia. Ila sifa zake ni za kufika salama.

Kwa hiyo ndugu halisi wa utungo huo huko Marekani, kwa maoni yangu, ni lango, ingawa mnara ndio unaohusishwa na bahari kwanza. Vyote viwili vinafanya kazi ile ile kila siku, na vikifanya vizuri hapatokei kisa. Msafiri wa gari-nyumba naye hupenda kisa: hata mwandishi John Steinbeck, aliyeizunguka nchi yake mwaka 1960 ndani ya gari lenye nyumba mgongoni, alirudi na kitabu kinachosikitikia yaliyopotea. Safari ya aina hiyo huvutwa na kilichokwisha, na mnara usiohitaji tena mlinzi ni kituo chake cha haki.

Wapo wahakiki wanaozitoa tungo za Ibn Majid nje ya fasihi kwa hoja kwamba ni mwongozo uliotiwa vina. Hao watueleze kwa nini meli iliyozama inastahili shairi na iliyofika bandarini inastahili daftari la mizigo tu.