Sauti ya Mume Katika Sheria za Mimba

Wanaojadiliana siku hizi kama yapasa mume aulizwe kabla ya mkewe kutoa mimba hudhani suala hili limezaliwa zama zetu, ilhali liliwashughulisha wanasheria wa Roma. Na sheria za huko zilipompa baba sikio, zilimpa kwa ajili ya mirathi na nasaba kuliko kwa ajili ya mahaba yake kwa mtoto.

Cicero, wakili wa Kirumi, katika utetezi wake wa mwaka 66 kabla ya Nabii Isa, alimtaja mwanamke wa Miletus aliyehukumiwa kifo kwa kupokea fedha za warithi wa daraja ya pili ili aiharibu mimba yake. Na dhambi aliyomhesabia ni kumnyima baba tumaini lake, na nyumba mrithi wake. Makaisari Marcus Aurelius na Lucius Verus, waliotawala pamoja tangu 161 hata 169, waliletewa dai la mtu aliyesema kwamba mtalaka wake ana mimba yake, naye mwanamke akikana; wakaamuru ichaguliwe nyumba ya bibi mwenye heshima, na humo wakunga watatu wamkague, na wawili wakiafikiana kuwa ana mimba, awekewe mlinzi. Ajabu iliyoje, maana katika sheria hiyo hiyo ya Roma ilifundishwa kwamba mtoto kabla ya kuzaliwa ni sehemu ya mwili wa mamaye! Baadaye Kaisari Severus na mwanawe Caracalla waliandika kwamba mke aliyetoa mimba kusudi apelekwe uhamishoni kwa muda, kwani si haki amnyime mumewe watoto kisha asalimike.

Mafakihi wa Kiislamu walishika njia nyingine, wakalipima jambo kwa dia, yaani fidia ya damu. Mtume (S.A.W.) alipohukumu baina ya wanawake wawili wa Hudhayl, mmoja akiwa amempiga mwenziwe hata mtoto aliye tumboni akafa, aliamuru itolewe ghurra, yaani mtumwa mmoja, mwanamume au mwanamke, ambayo mafakihi waliikadiria kuwa sehemu moja katika ishirini ya dia kamili, na mali hiyo huwaendea warithi wa huyo mtoto, ila aliyesababisha mauti hayo hapati kitu. Katika madhehebu ya Hanafi imeandikwa kwamba mke akinywa dawa kusudi bila ya idhini ya mumewe, akila yake, yaani jamaa zake wa kuumeni, hulipa ghurra. Akinywa kwa idhini yake, hapana malipo. Hapo idhini ya mume imetajwa waziwazi, lakini itazame kazi yake: yaondoa deni, kama mdai asamehevyo, wala haikusemwa kuwa yahalalisha tendo. Al-Ghazali, aliyekuwa Shafi kama walivyo Waislamu wengi wa pwani yetu, aliiona ni jinai tangu mwanzo, na ubaya wake kuzidi kadiri mimba inavyokua. Kwa rai hiyo idhini ya mume haina mlango wa kufungua.

Tukija zama zetu, Japani katika sheria ya 1948, na Uturuki katika ile ya 1983, zilitaka ridhaa ya mume pamoja na ya mke. Uingereza haikukubali. Mwaka 1978 mume mmoja alikwenda mahakamani Liverpool kumzuia mkewe, naye Jaji Sir George Baker akamjibu kwamba mtoto hana haki ya kudai mpaka azaliwe, na kwamba mume, madhali masharti ya sheria ya utoaji mimba ya 1967 yametimizwa, hana haki ya kuzuia; mume huyo akafika mpaka Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu, nayo ikamkatalia mwaka 1980. Kwa rai yangu hukumu ile ilikuwa sawa, ingawa mke amfichaye mume mwema pasipo hofu yoyote amemdhulumu, kwani dhuluma ya namna hiyo husuluhishwa na wazee wa pande mbili, na hakimu hana mizani ya kuipimia.

Huko Marekani, mwaka 1976 Mahakama Kuu ilibatilisha sharti la ridhaa ya mume lililowekwa na Missouri, na mwaka 1992 ikabatilisha lile la Pennsylvania lililotaka mume apewe habari tu. Hukumu ya 1992 yenyewe ilibatilishwa mwaka 2022, lakini waliorudishiwa neno siku hiyo ni mabunge ya majimbo, si waume.