Karema: nyumba ya wageni ya Mfalme Leopold

Mwaka 1876 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliwakusanya wanajiografia na wasafiri wa Ulaya mjini Brussels. Wakakubaliana kufungua vituo vya kupokea wageni katikati ya Afrika, ili msafiri apate mahali pa kulala, dawa na chakula cha njiani. Kituo cha kwanza hakikujengwa Kongo. Kapteni Ernest Cambier alikijenga Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda ya leo. Alifika hapo Agosti 1879.

Nyumba ya wageni ikajengwa kama ngome. Ilikuwa mbali na kila kitu: bidhaa za Ulaya zilitoka pwani vichwani mwa wapagazi, safari ya miezi, na chakula cha kila siku kilinunuliwa kwa wenyeji kwa vitambaa na shanga. Msafiri Joseph Thomson alipopita mwaka 1880 alilaani mahali penyewe, akiona kinamasi tu. Halafu ziwa nalo likaondoka. Mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa upande wa magharibi, ulikuwa umezibuka, maji yakashuka mwaka hadi mwaka, na boma lililojengwa karibu na maji likabaki nchi kavu.

Mgeni wa ajabu kuliko wote alikuwa tembo. Leopold alitaka tembo wabebe mizigo badala ya watu, akaagiza wanne kutoka India. Walishushwa Msasani mwaka 1879, wakaanza safari ya bara chini ya Frederick Carter. Watatu walikufa njiani. Mmoja tu, Pulmalla, alifika Karema Desemba, naye hakuishi sana. Juni 1880 Carter na mwenzake Cadenhead, wakiwa safarini kurudi pwani, waliuawa Pimbwe wakati vita vya mtemi Mirambo vilipoufikia mji huo. Tembo hao waliletwa katika nchi ambayo leo watu hulipa kiingilio kuwatazama tembo.

Yaliyofuata ni ya kuhuzunisha. Mwaka 1882 Kapteni Émile Storms alishika usukani Karema, na mwaka uliofuata akavuka ziwa kwenda kuanzisha kituo cha Mpala. Huko, mwishoni mwa 1884, watu wa Storms walimuua mtemi Lusinga na kumkata kichwa. Fuvu likapelekwa Ubelgiji. Ukarimu uliotangazwa Brussels uliishia hapo. Mwaka 1885 Leopold, ambaye sasa alikuwa na Kongo nzima mkononi, aliwaachia wamisionari Wakatoliki, Mapadri Weupe, vituo vyote viwili.

Kwa maoni yangu, Karema ilianza kupokea watu kweli mwaka 1889, alipoingia Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari na kusomeshwa udaktari Malta. Alikaa Karema hadi alipofariki mwaka 1956: miaka 67 ya kutibu wagonjwa na kufundisha dini. Maofisa wa Leopold walikaa miaka sita. Hospitali moja mjini Sumbawanga ina jina lake, na ni haki.

Ewe unayekwenda Hifadhi ya Katavi kutazama viboko wa Mto Katuma pale Sitalike, ongeza siku ya kwenda Karema. Ukifika, uliza habari za Atiman kabla hujauliza za Cambier.