Reli Iliyogeukia Makambako: Kutoka Uwanja wa Ndege wa Nyerere hadi Mbamba Bay

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere umekaa kati ya reli mbili. Upande mmoja inapita Reli ya Kati, ile ya zamani na hii ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Upande wa pili inapita TAZARA. Hakuna hata moja inayoingia uwanjani. Abiria anayetua na kutaka kwenda Mbinga au ufukwe wa Ziwa Nyasa hupanda daladala katika Barabara ya Nyerere, na akishuka TAZARA, kilomita chache kuelekea mjini, atakuta stesheni kubwa ambayo treni zake za abiria kwa miaka mingi zimekuwa mbili tu kwa wiki, pale zinapokuwapo. Treni hiyo itamfikisha Makambako. Hapo reli inageukia Mbeya, naye inambidi atafute basi la Njombe, Songea, Mbinga, kisha ateremke hadi Mbamba Bay. Ndiyo maana wengi hawajisumbui. Huenda moja kwa moja kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi.

Wanafunzi wangu wana jibu jepesi kuhusu hali hii: Kusini hakukuwa na mzigo wa kutosha. Silikubali. Mzigo ulikuwapo, na watu walikuwapo zaidi. Kilichokosekana ni mtu wa kuwahesabu watu hao kama abiria.

Wajerumani waliitaka reli ya kusini mapema sana. Miaka ya mwanzo ya karne ya 20 Paul Fuchs alitumwa kuchunguza faida ya njia kutoka Kilwa hadi ziwani, kwenye bandari waliyoiita Wiedhafen, ambayo ni Manda ya leo. Liuli nayo waliipa jina la Sphinxhafen, na ni hapo ambapo Agosti 1914 mashua ya kivita ya Waingereza, Guendolen, iliivamia na kuilemaza meli yao Hermann von Wissmann. Meli ilikuwapo basi; reli ya kuilisha haikuja. Vita vya Majimaji viliiacha Songea ikiwa magofu, na fedha za reli zilikwenda katikati, Dar es Salaam hadi Kigoma, iliyofikiwa mwaka 1914.

Chini ya Waingereza, Songea iligeuzwa ghala la nguvu kazi. Wangoni, Wamatengo na Wanyasa walitembea kwa majuma wakitafuta mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, shirika la kuandikisha vibarua, lenye malori na kambi za njiani. Kwa vijana wengi wa huku, chombo cha kwanza cha safari ndefu kilikuwa lori la manamba. Naomba tulitazame jambo hili kwa utulivu: usafiri ulipatikana mara tu mwajiri alipowahitaji, na walihesabiwa kwa vichwa, sawasawa na marobota ya mkonge wenyewe.

Reli pekee iliyojengwa kusini kabisa, ya Mtwara hadi Nachingwea, ilikuwa mtoto wa mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Karanga zilishindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Hakuna aliyeuliza kwa sauti kama watu wa Masasi walikuwa bado wana safari.

TAZARA ina heshima yake, nami sina nia ya kuipunguza. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilihitaji mlango wa bahari, na China ikajenga kilomita 1,860 kati ya 1970 na 1975. Lakini shaba ndiyo iliyochora ramani. Makambako ikawa mji; Songea ikabaki takribani kilomita 300 kutoka stesheni. Lami ikaja polepole, kwa mifuko ya wengine: Makambako hadi Songea kwa msaada wa Uingereza miaka ya 1980, njia panda ya Peramiho hadi Mbinga kwa fedha za Marekani, na kilomita 66 za mwisho hadi Mbamba Bay kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Leo karatasi ziko mezani tena. Mwaka 2004 Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia zilitia saini makubaliano ya Ukanda wa Mtwara. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, na matawi ya Mchuchuma na Liganga, ingali inatafutiwa wawekezaji. Septemba 2024, mjini Beijing, yalisainiwa pia makubaliano ya kuifufua TAZARA. Hoja zinazosikika ni makaa ya mawe na chuma. Sizipingi: malori ya makaa ya Ngaka yanaisaga lami ambayo tuliingoja miaka hamsini. Ila mwekezaji aliyejengewa hoja ya makaa hana sababu ya kuweka behewa la mama wa Liuli anayempeleka mtoto hospitali ya Peramiho, wala ya kungoja MV Mbeya II itie nanga. Sharti la treni ya abiria, idadi ya safari kwa wiki, na ratiba inayooana na meli, huandikwa kwenye mkataba kabla ya kusainiwa au hayaandikwi kabisa. Wasomaji wangu mlio wizarani mnajua rasimu hizo ziko kwenye makabati ya nani.

Kwa anayetua Dar es Salaam wiki hii, mambo ni haya: ulizia TAZARA kwanza kama treni ipo. Ikiwapo, shuka Makambako, na ubebe sweta, maana baridi ya Njombe haina simile hata kwa aliyetoka joto la Kipawa.