Kabla ya Amin: Mkataba wa Kampala na Kifo cha Jumuiya ya Kwanza

Ikitajwa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, wengi wana jibu tayari: Idi Amin aliiua. Wengine huongeza kwamba ujamaa wa Tanzania na ubepari wa Kenya visingeweza kukaa chungu kimoja. Maelezo haya yamerudiwa majukwaani na barazani hata yakaonekana hayahitaji ushahidi. Lakini ipo hati inayosema vingine, nayo iko wazi kwa kila anayetaka kuisoma: utangulizi wa Mkataba wa 1999 ulioifufua Jumuiya. Waliotia saini walitaja humo sababu kuu za kuvunjika kwa ile ya kwanza: utashi wa kisiasa usiotosha, ushiriki mdogo wa sekta binafsi na asasi za kiraia, na mgawanyo wa manufaa ulioendelea kuwa usio sawa bila sera za kuurekebisha. Amin hatajwi. Ujamaa hautajwi.

Sababu ya tatu ndiyo iliyobeba historia yote, na ili kuielewa inatupasa kurudi mwaka 1964, ambao waandishi wetu wengi huupita mbio.

Msingi unajulikana. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha mwaka 1917, Tanganyika ikaingia kikamilifu mwaka 1927. Reli, posta na sarafu vikafuata mkondo huohuo, na viwanda vikarundikana Nairobi na viunga vyake. Tume ya Raisman ya mwaka 1961 iliuona mgawanyo huo usio sawa, ikapendekeza mfuko wa pamoja uliolishwa na asilimia 6 ya mapato ya forodha na ushuru wa bidhaa, na asilimia 40 ya kodi ya mapato ya makampuni ya viwanda na fedha. Nusu ya mfuko iliendesha huduma za pamoja, nusu iligawanywa sawa kwa nchi tatu. Ilikuwa fidia ya fedha tu. Haikujenga kiwanda hata kimoja Mwanza wala Jinja.

Tanganyika haikuridhika, na haki ilikuwa upande wake. Soko lilikuwa moja, lakini ajira na mitambo vilikwenda kwa jirani, huku mwananchi wa Tanganyika akinunua bidhaa za Kenya zilizolindwa na ushuru uleule uliozuia bidhaa nafuu kutoka ng'ambo. Aprili 1964 wajumbe wa nchi tatu wakakubaliana mjini Kampala juu ya jambo la kijasiri: kugawana viwanda. Tanganyika ingepata matairi, redio na uunganishaji wa magari ya Land Rover. Uganda ingepata baiskeli na mbolea. Kenya ingepata balbu za umeme. Nchi yenye upungufu wa biashara ingeruhusiwa pia kuweka kikomo kwa bidhaa za jirani. Makubaliano yakapitiwa tena Mbale, Januari 1965.

Kenya haikuyaridhia. Hoja yake ilikuwa kwamba mwekezaji huenda penye soko na miundombinu, na kumlazimisha kwenda kwingine ni kumfukuza. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama miundombinu yenyewe isingejengwa na utawala wa kikoloni uliowapendelea walowezi. Tanganyika, ambayo sasa ilikuwa Tanzania, ikaweka vikomo vyake yenyewe. Mwaka 1965 ikatangazwa kwamba kila nchi itakuwa na benki kuu na sarafu yake. Kiwanda cha matairi, ambacho kingekuwa kimoja kwa soko zima, hatimaye kikajengwa Arusha, na kingine Nairobi. Anayetaka kujua Jumuiya ilianza kufa lini aviangalie viwanda hivyo viwili.

Mkataba wa 1967, ulioianzisha rasmi Jumuiya yenyewe na kutiwa saini Kampala tarehe 6 Juni kufuatia kazi ya tume ya Profesa Kjeld Philip wa Denmark, ulijaribu kutibu jeraha hilo. Uliruhusu nchi iliyo nyuma kutoza kodi maalumu kwa bidhaa za viwandani za jirani, isiyozidi nusu ya ushuru wa nje. Ukaanzisha Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, iliyotakiwa kuwekeza asilimia 38.75 Tanzania, kiasi hichohicho Uganda, na 22.5 Kenya. Tiba ilikuwa sahihi, ila dozi ilikuwa ndogo mno.

Ndipo Amin akapindua serikali ya Uganda, Januari 1971. Mwalimu Nyerere wa Tanzania alikataa kuketi naye, na Mamlaka ya marais watatu haikukutana tena. Mkataba haukuwa na chombo cha usalama, hivyo mapigano ya Septemba 1972 kati ya Uganda na Tanzania yalimalizwa Mogadishu kwa usuluhishi wa Siad Barre, rais wa Somalia. Lakini Jumuiya iliendelea kuishi miaka sita baada ya mapinduzi hayo. Mawaziri walikutana, bajeti zilipitishwa. Kilichoiangusha mwaka 1977 ni ugomvi wa fedha za mashirika ya pamoja: shirika la ndege likasambaratika, Kenya ikaanzisha lake, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983. Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda vilipoanza Oktoba 1978, Jumuiya ilikuwa imeshazikwa.

Msuluhishi Victor Umbricht wa Uswisi alihangaika miaka mingi na mali zilizobaki, mpaka Mei 1984 nchi tatu zikakubaliana Arusha: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Makubaliano hayo yaliacha kifungu cha kutafuta maeneo ya ushirikiano wa baadaye, na humo ndimo Mkataba wa 1999 ulimochipukia.

Jumuiya ya sasa ina vifungu vya amani na usalama, na mwaka 2022 ilipeleka kikosi mashariki mwa Kongo, kilichoondoka Desemba 2023. Hayo yanahitaji makala yake. Mimi naitazama zaidi itifaki ya Umoja wa Forodha iliyotiwa saini Machi 2004. Ilipoanza kutumika Januari 2005, bidhaa za Uganda na Tanzania ziliingia Kenya bila ushuru, ilhali baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kutozwa zikiingia kwa majirani, kwa viwango vilivyopunguzwa kila mwaka hadi 2010. Ni hoja ileile ya Tanganyika ya mwaka 1964, safari hii ikiwa na saini ya Kenya.