Kampaundi za shaba katika fataki

Kampaundi za shaba katika fataki ni chumvi na oksidi za metali ya shaba (alama Cu, namba atomia 29) zinazotiwa katika baruti ya rangi ili mwali wake uwe wa buluu. Zikitumiwa pamoja na chumvi za strontiamu, ambazo hutoa nyekundu, hupatikana zambarau. Kati ya rangi zote za fataki buluu ndiyo ngumu kuliko zote, na watu wanaotengeneza fataki kwa kupenda tu huiona kuwa mtihani wa ufundi wao. Ndiyo pia iliyowaponza wengi, kwa kuwa baadhi ya kampaundi zilizotumika zamani zilikuwa sumu, na nyingine ziliweza kuifanya baruti iwake yenyewe.

Jinsi rangi inavyotokea

Joto la mwali hupandisha elektroni za atomu au molekuli hadi ngazi ya juu ya nishati. Zinaposhuka, nishati hiyo hutoka kama nuru, na rangi hutegemea urefu wa wimbi la nuru hiyo.

Mwanafunzi aliyefanya jaribio la mwali maabara anajua kwamba chumvi ya shaba kwa kawaida hutoa kijani, si buluu. Kijani hicho hutoka hasa kwenye molekuli za shaba zilizoungana na oksijeni na hidrojeni (CuOH). Buluu hutoka kwenye molekuli nyingine, yaani kloridi ya shaba (CuCl), inayong'aa kati ya nanomita 420 na 460 hivi. Ndiyo maana chumvi ikiloweshwa kwa asidi ya hidrokloriki mwali huanza kuelekea buluu: klorini imeingia. Katika fataki za siku hizi klorini hiyo hutoka mara nyingi kwenye plastiki kama PVC, ile ya mabomba ya maji. Zamani ilitumika kalomeli, ambayo ni kloridi ya zebaki.

Tatizo ni kwamba CuCl haivumilii joto kali. Nyekundu inaweza kuongezewa unga wa magnesi ili ing'ae zaidi; buluu ikifanyiwa hivyo molekuli zake huvunjika na rangi hupauka. Mwali ukipoa mno, nao hufifia. Hata sodiamu kidogo, kama ile ya chumvi ya mezani, huleta njano inayoifunika buluu yote.

Rangi ya unga wenyewe haionyeshi rangi ya mwali. Oksidi ya shaba ni nyeusi na kabonati yake ni ya kijani, lakini zote mbili huweza kutoa buluu.

Historia na hatari

Kabla ya karne ya 19 fataki za Ulaya zilikuwa za dhahabu na nyeupe zaidi. Rangi kali zilikuja na klorati ya potasiamu, iliyotayarishwa na mkemia Mfaransa Claude-Louis Berthollet katika miaka ya 1780. Jaribio la kuitumia katika baruti huko Essonnes mwaka 1788 lilileta mlipuko na vifo.

Kwa buluu, mafundi walipenda rangi iitwayo kijani cha Paris, iliyoanza kuuzwa Schweinfurt, Ujerumani, mwaka 1814. Ina shaba pamoja na aseniki. Ilipakwa kwenye karatasi za ukutani, ikaua wadudu mashambani, na katika miaka ya 1930 ilitumiwa Brazil kuangamiza viluwiluwi vya Anopheles gambiae, mbu aliyeingia huko kutoka Afrika. Moshi wake una aseniki, na mtengenezaji alishika unga wake kwa mikono.

Mrututu, yaani salfeti ya shaba, unajulikana na wakulima kama dawa ya ukungu. Ni rahisi kupatikana, na hapo ndipo ulipo mtego: una tabia ya asidi, na ukikutana na klorati mchanganyiko unaweza kuwaka bila kuguswa. Chumvi za shaba zenye amonia nazo zina hatari ya namna hiyo. Uingereza ilipiga marufuku fataki zenye klorati na salfa pamoja mwaka 1894. Katika nchi nyingi, zikiwemo Kenya na Tanzania, kutengeneza vilipuzi kunahitaji leseni.

Malta

Mfano mzuri wa fataki za watu wasiolipwa ni Malta. Huko vikundi vya kujitolea hutengeneza fataki za sikukuu ya mtakatifu wa parokia, na ushindani kati ya vijiji ni mkubwa. Gharama yake pia ni kubwa: tarehe 5 Septemba 2010 mlipuko katika kiwanda cha Għarb, kisiwani Gozo, uliua watu sita. Mwaka huohuo watafiti wa hukohuko walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba shaba, bariamu, strontiamu na antimoni huongezeka katika vumbi la hewani wakati wa sikukuu hizo.

Utafiti mpya

Shaba na klorini zikiungua pamoja na vitu vya kaboni huweza kuzaa dioksini, ambazo ni sumu. Kwa hiyo wanakemia wametafuta buluu isiyohitaji klorini. Mwaka 2014 Thomas Klapötke wa Munich, Ujerumani, na wenzake, akiwemo Jesse Sabatini wa Marekani, walieleza mwali wa buluu uliopatikana kwa iodidi ya shaba.